Maswali ya Wasomaji: Kikanisa cha Mtakatifu Wenceslas, Prague

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi Septemba nitakwenda Prague kumtembelea binti yangu anayesoma huko, naye ameahidi kunipeleka katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Vitus. Ananiambia kwamba kikanisa mashuhuri kilichomo ndani yake hakiingiliki, watu hukitazama wakiwa mlangoni tu. Je, inafaa kulipia tiketi kwa ajili ya kuchungulia? Na kwa nini kikanisa hicho ni cha mraba, tofauti na vingine vinavyokizunguka?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na umbo, kwa kuwa ndilo linalojibu pia swali la tiketi. Wenceslas, mtawala wa Bohemia aliyejenga kanisa dogo la duara mahali hapo, aliuawa katika karne ya 10 kwa hila ya ndugu yake Boleslav, na baadaye mwili wake ukazikwa katika kanisa hilohilo. Ujenzi wa kanisa kuu la mtindo wa Gothiki ulipoanza mwaka 1344, kaburi halikuhamishwa. Fundi mkuu Peter Parler, aliyeitwa na Mfalme Charles IV mwaka 1356, alijenga juu yake chumba cha mraba kilichowekwa wakfu mwaka 1367, ingawa chumba hicho kilimega nafasi ya upande wa kusini wa kanisa. Kanisa zima, kubwa kama lilivyo, lilipisha kaburi moja.

Mkifika mlangoni msiharakishe. Sehemu ya chini ya kuta imepachikwa mawe ya thamani yaliyosuguliwa, zaidi ya 1,300, mengi yakiwa yaspi na amethisto, na viungo vyake vimepakwa dhahabu. Katikati yake zimechorwa picha za Mateso ya Kristo. Nakusihi usome Ufunuo sura ya 21 kabla ya safari, maana mawe hayo yanatajwa katika misingi ya Yerusalemu mpya, na ukutani utaiona sura hiyo imejengwa kwa mikono ya watu. Juu yake kuna picha za maisha ya Wenceslas, zilizochorwa mwanzoni mwa karne ya 16. Pembeni upo mlango unaoelekea chumba cha taji la kifalme, wenye kufuli saba, ambazo funguo zake hukaa kwa watu saba, wakiwemo Rais wa nchi na Askofu Mkuu wa Prague.

Sehemu ya nyuma ya kanisa kuu hutazamwa bila malipo, lakini kikanisa hukifikii bila tiketi, nami kwa maoni yangu inastahili kulipiwa. Jumapili asubuhi ni wakati wa Misa, watalii huanza kuingia mchana; na tarehe 28 Septemba ni sikukuu ya mtakatifu mwenyewe, ambayo pia ni siku ya mapumziko kitaifa. Kama mnakwenda kutazama, chagueni siku ya kazi, mfike mlango unapofunguliwa, kabla makundi hayajajazana kizingitini.