Yama na niyama si viatu vya kuachwa mlangoni

Swali: Nina saa moja tu kabla ya kwenda kazini. Je, katika yoga naweza kuruka yama na niyama nikaanza na asana, yaani mikao ya mwili? (Msomaji, Njiro, Arusha)

Jibu: Swali hili huja kila mara, na kila mara huulizwa kana kwamba yama ni mazoezi ya kupasha mwili moto yanayokula dakika za watu. Yama, yaani maadili ya kujizuia, ni tano: kutodhuru (ahimsa), kusema kweli (satya), kutoiba (asteya), kujizuia katika tamaa za mwili na kutojilimbikizia mali. Patanjali, mwandishi wa kale wa Kihindi, alipovitaja viungo vinane vya yoga katika kitabu chake Yoga Sutra, alizitanguliza hizo, akafuatisha niyama, yaani nidhamu za mtu binafsi, ndipo asana ikaja ya tatu. Na katika aya zake zinazokaribia 200, asana aliipa tatu tu, akisema kwanza kwamba mkao uwe imara na wenye raha. Tazama sasa yanayotokea mkekani. Mwanafunzi anainama kushika vidole vya miguu, msuli wa nyuma ya paja unakaza, pumzi inakatika, naye anazidi kujivuta kwa sababu jirani yake amefika. Huyo amekwisha kuvunja ahimsa, maana mwili anaoudhuru ni wake, na amevunja satya, maana anaonyesha uwezo asio nao. Mimi mwenyewe niliwahi kusukumwa mgongo na mwalimu aliyetaka nishuke zaidi, nikanyamaza kwa aibu, na kwa wiki sita sikuweza kuinua ndoo ya maji. Mwalimu anayekugusa bila kukuomba ruhusa, mwache.

Swali: Mbona maandiko ya kale ya hatha, yaani yoga ya mazoezi ya mwili, yanaanza na asana? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Jibu: Ni kweli, na nafurahi kwamba umesoma. Svatmarama, katika Hatha Yoga Pradipika ya karne ya 15, anaitaja asana kuwa kiungo cha kwanza, na mapokeo ya Goraksha, mwalimu wa kale wa hatha, yana viungo sita bila yama na niyama. Lakini kabla ya kufika kwenye asana, Svatmarama anamweka mwanafunzi katika kibanda kidogo, mahali patulivu, afuate njia aliyofundishwa na mwalimu wake, kisha anamwonya juu ya ulafi, maneno mengi na hata kushupalia kanuni. Anayeonywa asishupalie kanuni ni yule anayezishika tayari, si wewe unayetafuta ruhusa ya kuziacha.

Swali: Nitapungua kilo ngapi kwa mwezi? (Wasomaji kadhaa)

Jibu: Mwulizeni mtaalamu wa lishe, wala msilete tena swali hili hapa.

Swali: Mimi ni Mkristo. Je, niyama ya tano inanitaka nisujudie mungu wa Kihindi? (Msomaji, Kibosho)

Jibu: Niyama hiyo ni kujikabidhi kwa Ishvara, ambaye Patanjali anamweleza kuwa nafsi ya pekee isiyoguswa na taabu wala matendo, bila kumfunga na hekalu lolote. Dhamiri yako ikisita, zungumza na padri au mchungaji wako, lakini usijidanganye kwamba neno hilo halimo.

Swali: Mwenzangu anafundisha watalii wanaoshuka Kilimanjaro na kujitangaza kuwa ana cheti, nami najua hana. Nifanyeje? (Msomaji, Moshi)

Jibu: Anavunja satya, na kwa kupokea fedha kwa sifa asiyokuwa nayo anavunja asteya pia. Mwendee faraghani kwanza, kwa sababu kweli inayosemwa ili kuaibisha nayo hudhuru. Asipobadilika, mgeni akikuuliza habari zake mweleze ukweli bila kuficha, kwa kuwa magoti yaliyoshuka kutoka mita 5,895 yamechoka, na asiyejifunza kuyatazama atayaumiza.