Ukipiga picha ya ndege ya vita ya zamani, tuandikie na namba yake

Wadau wa ndege, naona siku hizi watu wetu wengi walioko Uingereza wanaenda Duxford, wanaenda Hendon, wanaenda Cosford, kote huko ni makumbusho ya ndege, halafu jioni picha kibao zinamwagwa kwenye grupu, picha kali kabisa, na chini yake kumeandikwa "ndege za zamani" basi. Zipi sasa? Naomba kwa moyo wote tubadilishe hili, maana nimepiga na kusambaza hizi picha muda mrefu na nimeona picha yenye maelezo watu wanairudia, wanauliza, wanamtumia mjomba wao, ila isiyo na maelezo hata iwe nzuri vipi inapita tu kwenye simu kama tangazo.

Anza na namba. Karibu kila ndege ya jeshi la Uingereza ina namba yake ubavuni kwa nyuma, karibu na mkia, na zile za wakati wa Vita ya Pili nyingi ni herufi mbili na tarakimu tatu. Hiyo ndo inakuambia hii ni ndege ipi hasa. Zile herufi kubwa zilizo pembeni ya duara la rangi, ile alama ya jeshi, ni za kikosi, na wenye ndege wanazipaka upya kila baada ya miaka kadhaa kukumbuka kikosi kingine au rubani mwingine, kwa hiyo ukizitegemea hizo peke yake utampoteza mtu.

Namba ina maana gani? Chukua MH434, ile Spitfire Mk IX, ndege ndogo ya kivita ya Waingereza, inayoruka sana Duxford. Imetengenezwa 1943, ikaenda kikosi cha 222, na mwezi wa 8 mwaka huohuo rubani wa Afrika Kusini anaitwa Lardner-Burke aliangusha Fw 190, ndege ya kivita ya Wajerumani, akiwa ndani yake, yaani ndege hiyohiyo unayoiona inapinda juu ya kichwa chako na sio mfano wake. Sasa geuka utazame Sally B, B-17 kubwa, ndege ya mabomu ya Wamarekani, ya hapohapo Duxford: yenyewe ilitoka kiwandani 1945, imechelewa, haikudondosha bomu lolote Ujerumani. Inaruka kwa heshima ya wale waliokufa na hiyo ni kazi kubwa, ila usiandike kwamba ilipigana.

Na kuna moja ambayo naipenda kuliko zote na sijui kwanini watu wetu hawaisemi. Lancaster PA474, ndege ya mabomu ya Waingereza, ile inayopita juu ya London kwenye sherehe za kifalme pamoja na ndege ndogo za kivita, Spitfire na Hurricane. Imetengenezwa Chester 1945 ikapigane na Japani, vita vikaisha kabla haijaenda, jeshi likaigeuza ndege ya kupiga picha za ramani na kuipeleka kikosi cha 82, na kazi yake ikawa Afrika Mashariki na Kusini. Umeelewa? Ndege ambayo Waingereza wanaitolea machozi ilishapita kwenye anga letu na kamera tumboni kupima ardhi! Zimebaki Lancaster mbili tu duniani zenye uwezo wa kuruka, nyingine iko Hamilton kule Kanada, na hii moja ina historia na sisi. Ukiweka picha yake kwenye grupu bila kusema hilo umetunyima kitu kikubwa.

Haya, kupiga sasa. Kosa linaloonekana zaidi kwenye picha za ndege zinazoruka ni propela iliyoganda, ndege inaonekana imezima injini iko hewani inaning'inia. Hesabu yake ni rahisi: injini ya Merlin, ile ya Spitfire na Lancaster, ikiwa inatembea mizunguko kama 2,000 kwa dakika, gia inaipunguza propela mpaka chini ya nusu, tuseme 1,000. Shata ya 1/1000, yaani kamera ikifunguka kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, propela inasogea nyuzi 6 tu, inaganda. Shata ya 1/125 inasogea nyuzi 48, na kwa propela ya mapanga manne hiyo inajaza zaidi kidogo ya nusu ya duara, inapendeza sana. Tatizo ni kwamba kwa 1/125 mkono ukitikisika kila kitu kinaharibika, kwa hiyo anza 1/320, zungusha kiuno taratibu ukiifuata ndege kuanzia mbali kabla haijafika mbele yako, endelea kuifuata hata baada ya kubonyeza, halafu kadiri mkono unavyozoea shuka 1/250, shuka 1/160. Nyingi zitakuwa na ukungu, futa, songa mbele. Ndege za jeti kama Vampire hazina propela, hizo piga 1/1000 au zaidi bila wasiwasi.

Duxford watazamaji mnaangalia kusini, maana yake mchana jua liko mbele yenu na ndege inatoka nyeusi tii, ongeza mwanga kidogo kwenye kamera na ukubali anga liwe jeupe. Kwa upande wangu Old Warden kule Bedfordshire ndo pazuri zaidi, uwanja wa nyasi, mstari wa watazamaji umepinda na ndege zinauzunguka zimelala, unapata mgongo wote wa ndege na mabawa yake, kitu ambacho sehemu nyingine unakitafuta siku nzima hukipati.

Ndani ya makumbusho kanuni yangu ni moja, kabla ya kupiga ndege piga kibao chake cha maelezo. Jioni ukiwa na mamia ya picha hutakumbuka kitu, kibao kitakukumbusha. Flashi zima, inaacha doa jeupe kwenye bati na kwenye kioo, bora upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, na kuegemea nguzo. Na usirudi nyuma kila mara ili ndege yote iingie, hanga zimejaa utabanana tu, piga pua, piga riveti, piga rangi iliyochubuka.

Cosford panastahili siku nzima peke yake. Hakuna kiingilio, treni ya kutoka Wolverhampton inakushusha karibu, na ndo sehemu pekee unapoziona Valiant, Victor na Vulcan, ndege za jeti za mabomu za Waingereza, zote tatu chini ya paa moja. Ila kama umetoka Afrika Mashariki tafuta Lincoln, ndege ya mabomu, namba RF398. Kwa macho utasema Lancaster iliyonenepa, na kweli imetokana nayo. Aina hii ndo ililetwa Eastleigh Nairobi kuanzia mwisho wa 1953 mpaka 1955, ikawa inamwaga mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, huku Harvard, ndege ndogo za mafunzo, zikitokea Mweiga. Nilipoweka picha ya hiyo Lincoln, nikaandika hayo, mzee mmoja wa Nyeri kwenye grupu letu akajibu kwamba alikuwa mtoto na mama yao alikuwa anawalaza chini ya kitanda wakisikia mlio wake. Baada ya hapo vijana wake wenyewe wakaanza kumuuliza, kumbe walikuwa hawajui. Usiandike lakini kwamba RF398 yenyewe ililipua Kenya, sema aina yake, hiyo tofauti ni ya lazima.

Kutuma nako kuna namna. WhatsApp inabana picha mpaka namba ya mkiani haisomeki, itume kama dokumenti. Ukifanya edit usichezee rangi sana, kuna watu wanaangalia ule ukijani na ukahawia kujua ndege imepakwa rangi za mwaka gani. Sura za watoto wa watu zikate, au picha hiyo usiitume. Na uhuru wa kule usije nao nyumbani, kambi za jeshi na ndege zake huku hazipigwi picha, mabango yapo, yaheshimu.

Mwisho niwaombe kitu kingine. Wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, walipokuwa Burma 1944, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikishuka bonde la Kabaw, chakula na risasi vilikuwa vinaangushwa na ndege, na Dakota, ndege za mizigo, zilikuwemo. Baadhi ya nyumba bado zina picha za wakati ule kwenye mabegi ya bati. Ukiipata usitoe tu picha ya mbele, igeuze upige na nyuma palipoandikwa kwa kalamu, muulize bibi au babu ni nani aliyesimama pembeni ya bawa, uandike majina leoleo wakiwa bado wapo, halafu ndo ututumie zote mbili.