Usizipeleke laminesheni hizo Polaroid za bibi yako!

Mkuu, nilipofika hapo uliposema "kesho nazipeleka steshenari zikapigwe laminesheni zisizidi kufifia" nimeshindwa kunyamaza. Zirudishe kabatini. Sasa hivi.

Picha ya studio ikiharibika, zamani ulikuwa na pa kukimbilia, maana mpiga picha alibaki na negativi, ile filamu ya kusafishia nakala nyingine. Polaroid, picha inayotoka papo hapo kwenye kamera yenyewe, haina. Hiyo uliyoishika ndiyo picha, ndiyo negativi, na dawa za kuisafishia zimo humohumo, zimebanwa katikati ya matabaka ya plastiki. Na mashine ya laminesheni ya moto inapita nyuzi 100. Piga hesabu mwenyewe.

Mimi sikupiga. Baba mdogo alikuwa baharia, akarudi Tanga na Polaroid yake, akampiga picha marehemu babu yuko barazani, kanzu na bakora, anacheka mpaka pengo linaonekana. Studio babu alikuwa anakakamaa, kwa hiyo ndiyo picha pekee anayocheka. Kwenye ukingo mweupe wa chini bibi kaandika kwa kalamu: "Idi Pili". Nikaipeleka kwa jamaa mmoja wa steshenari, na nilimuuliza, jamani, nilimuuliza: hii haitaungua? Akajibu bila hata kuitazama, "Mzee, ukipiga hii inadumu milele." Milele! Ilipotokea upande wa pili rangi zimegeuka kahawia, uso umejaa malengelenge, mdomo ndiyo usiulize. Nikajaribu kuibandua, plastiki imeshagandana nayo. Na hela yake akadai, tena nikamlipa! Kwa haki hakudanganya: plastiki itadumu milele. Aliyemo ndani ndiye kaondoka. Mashangazi zangu siku hizi wananiita "fundi picha", na si kwa kunisifu.

Na wewe unayemshauri hapo juu eti "siku hizi mashine ni za kisasa", umewahi kupitisha Polaroid humo, au unazungumzia vitambulisho?

Skani kwanza. Hilo tu. Skana ya kioo, nukta 600 kwa inchi au zaidi, si simu inayoakisi taa ya sebuleni. Skani na ukingo wote, mwandiko usikatwe. Nakala utakayochapisha ndiyo uilaminishe hata mara saba ukipenda. Yenyewe ikae pakavu, gizani, mbali na dirisha. Wala usijifariji kwamba filamu bado zinauzwa. Polaroid walitangaza kuacha kuzitengeneza 2008, na hao waliofufua kiwanda cha Enschede, Uholanzi, wanakuuzia filamu mpya, hawakuuzii bibi yako akiwa kigoli.

Ee, na ulivyouliza kamera ya harusi ya mdogo wako iwe ipi, Instax (ya Fujifilm, nayo hutoa picha papo hapo) au Polaroid: chukua yoyote, zote mbili filamu yake haina negativi. Cha muhimu uziskani usiku huohuo, kabla mashangazi hawajagawana.