Maswali na majibu: Vita vya mezani na watoto

Mwanangu ana miaka sita. Kanuni za mchezo wetu wa kupiganisha vijisanamu vya askari mezani ni ndefu, na hesabu zinamchosha. Nianzie wapi?

Anzia kwenye dadu. Katika michezo mingi ya aina hii, shambulio moja hurushiwa dadu mara tatu: limefika? limejeruhi? ngao imezuia? Tuseme kila rusho linataka 4 kwenda juu. Nafasi ya kufanikiwa ni 1 tu kati ya 8, na mtoto anachokiona ni kukosa, kukosa na kukosa tena. Mpe rusho moja: likitoka 4, 5 au 6, adui ameanguka.

Rula ya kupimia mwendo wa askari nayo iweke kando. Kata vijiti viwili, kirefu cha wapanda farasi na kifupi cha askari wa miguu. Binti yangu alipokuwa na miaka mitano alikuwa akilaza kijiti mezani, anafumba jicho moja, kisha anasogeza farasi taratibu mpaka pua iguse ncha. Nilipenda sana kumtazama.

Usichompunguzia ni maamuzi. Nani aende, apite wapi, apigane au akimbie: hayo ayaamue mwenyewe, hata ukiona anakosea.

Mjukuu wangu hulia kijisanamu chake kikitolewa. Nimwachie ashinde?

Hapana, babu. Watoto hulijua hilo upesi, na huwaumiza. Mwongezee dadu badala yake: arushe mbili, achukue iliyo kubwa. Panapotakiwa 4, nafasi yake hupanda kutoka nusu hadi robo tatu, nawe unacheza kwa nguvu zako zote. Aliyepigwa asife, arudi kambini, apumzike zamu moja, aingie tena. Na wapeni kazi nyingine zaidi ya kuuana, kama kubeba hazina hadi upande wa pili wa meza.

Naweza kupaka rangi vijisanamu pamoja na watoto?

Ndiyo, kwa akriliki ya maji. Ila vile vya chuma vya zamani vingi viliyeyushwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Visiguswe na mtoto, hata vikiwa vimepakwa rangi. Aliye chini ya miaka 3 akae mbali na vipande vidogo, vinaweza kumkaba. Na mtoto akimpaka mfalme uso wa kijani, usiurekebishe usiku akiwa amelala.

Hatuna vijisanamu kabisa.

Wanyama wa plastiki na vizibo vya chupa vinatosha. Hata dadu si lazima. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kanuni zake za askari wa kuchezea mwaka 1913, na mizinga yake midogo ya springi ilirusha vipande vya mti: askari aliyeangushwa ndiye aliyekufa. Ninyi viringisheni gololi kutoka ukingo wa meza. Kilichoanguka kimeanguka, na hapo hakuna wa kubishana naye.