"Taa itawaka mara moja": mara ngapi, na nani anaizima?

SWALI: Natafsiri kwa Kiswahili maelezo ya namna kerneli ya Linux (kiini cha mfumo huo wa kuendesha kompyuta) inavyoongoza taa ndogo za kiashiria kwa vipima muda vinavyofanya kazi mara moja na kusimama. Niliandika: "Programu ikituma ishara, taa itawaka mara moja kisha itazima." Mwenzangu anayehariri ameikataa karibu sentensi yote. Anasema "mara moja" haieleweki, na "itazima" iwe "itazimika" au "itazimwa", ila hakusema ipi. Tena nilipoandika "kuwakawaka" akaweka alama ya kuuliza. Naomba msaada. (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi kuhusu sehemu zote mbili za sentensi, na hiyo ya kuzima ni nzito kuliko alivyoieleza. Kwa ajili ya wasomaji wengine, nieleze kwanza kifaa chenyewe, maana uamuzi wa lugha hapa unategemea nani anafanya nini.

Katika Linux, kila taa ya LED inayosimamiwa na kerneli huonekana kama folda ndani ya /sys/class/leds, na taa hiyo huweza kupewa kichocheo kinachoamua iwake lini. Kichocheo cha kawaida cha muda kina vipindi viwili, cha kuwaka na cha kuwa gizani, navyo hupokezana bila mwisho mpaka kiondolewe. Mwaka 2012 viliongezwa vichocheo viwili vya namna nyingine. Cha kwanza huiweka taa katika hali fulani kwa muda uliopangwa, na muda ukiisha huirudisha ilivyokuwa. Cha pili hungoja kuambiwa kwamba tukio limetokea. Kikiambiwa huiwasha taa kwa milisekunde 100, huiweka gizani milisekunde 100 nyingine kama hukubadilisha viwango hivyo, kisha hutulia.

Sasa "mara moja". Neno hili lina maana tatu ambazo kwa kawaida hatuzichanganyi. "Nimeonana naye mara moja" ni idadi. "Ondoka hapa mara moja!" ni haraka. "Natoka mara moja, nakuja" ni muda mfupi, na anayeachwa dukani kwa maneno hayo anajua akae asubiri. Tunazitenganisha kwa sababu katika kila sentensi maana mbili hazikai: huwezi kumfukuza mtu kwa idadi. Tatizo la sentensi yako ni kwamba taa hii hufanya yote matatu. Huwaka bila kurudia, huwaka ishara ikifika, na huwaka kwa kitambo kidogo. Hakuna maana inayojitoa yenyewe, na msomaji anabaki kukisia ulikusudia ipi.

Ukikusudia idadi, andika "mara moja tu". Hilo "tu" linafunga mlango wa haraka na wa muda mfupi. Ukikusudia haraka, tumia "papo hapo". Ukikusudia ufupi, taja muda wenyewe, maana unao: milisekunde 100. Na chunga sana "mara tu", ambayo ni jambo lingine kabisa: "mara tu ishara inapofika" maana yake ni pale pale inapofika. Neno "moja" likidondoka wakati wa kuchapa, idadi imegeuka kuwa wakati, na kompyuta haitakuonyesha kosa lolote kwa sababu sentensi bado ni Kiswahili safi. Wala usilirudie neno ukidhani unatia mkazo. "Mara mojamoja" ni kwa nadra.

Katika jina la kifaa shida hii inapungua. "Kipima muda cha mara moja" husomwa kama "malipo ya mara moja", nasi sote tunajua malipo hayo ni yale yasiyorudiwa. Likubali jina hilo, ila ulifafanue pale unapolitaja kwanza.

Twende kwenye kuzima, ambako ningependa ukae zaidi. Jozi ya waka na zima haiendi sambamba kama inavyoonekana. Upande wa kuwasha, kitenzi cha msingi ni "waka", nacho hakihitaji mtendaji: taa inawaka, basi. Ukimtaka mtendaji unakwenda kwenye kauli ya kutendesha, "washa". Upande wa kuzima mambo yamegeuka. Kitenzi cha msingi, "zima", tayari kina mtendaji ndani yake: mtu anazima taa. Ukitaka taa peke yake, bila aliyeizima, ndipo unapoongeza kiambishi na kupata "zimika". Kwa hiyo "inawaka na kuzima" ni ndege mwenye mabawa yasiyolingana. Katika "inawaka", taa inapatwa na jambo. Katika "kuzima", taa hiyo hiyo imekuwa mtendaji anayezima kitu ambacho hakitajwi. Wenzi halisi ni waka na zimika, washa na zima, washwa na zimwa.

Sisemi kwamba anayesema "simu imezima" anakosea. Usemi huo umeenea na hakuna anayeuliza simu imezima nini. Lakini maelezo unayoyatafsiri yana kitu kinachozima na kitu kinachozimwa, vyote viwili katika aya moja, na msomaji wako ni mtu anayekwenda kuandika programu kwa kufuata maneno yako. Hapo usemi wa mazungumzo unamwangusha.

Kati ya "itazimika" na "itazimwa", fikiria tunavyosema kuhusu umeme. "Umeme umekatika" ni hitilafu, giza la mtaa mzima, hatumtaji mtu. "Umeme umekatwa" ni bili haikulipwa na fundi amefika na koleo lake. Kiambishi kimoja tu, na jirani anayesikia anajua kama akuonee huruma au akukopeshe. Taa yako inahitaji uangalifu huo huo.

Chukua mfano unaotajwa na waliobuni kichocheo cha kwanza: mtetemo wa simu. Mota ya kutetemesha inaweza kuongozwa kwa njia ile ile inayoongoza taa. Kama programu ndiyo inayowasha na programu ndiyo inayozima, halafu ikafa katikati, amri ya kuzima haitatolewa kamwe, na simu itaendelea kutetema mpaka betri iishe. Kwa kipima muda cha mara moja, programu huagiza mapema: washa kwa muda huu. Kuanzia hapo jukumu la kuzima ni la kerneli. Programu ikifa, iwe imekufa. Muda ukitimia kerneli itazima. Wapo wanaolitumia wazo hilo kama kielelezo cha uhai: programu huagiza upya kila muda unapokwisha, na taa inaendelea kuwaka kwa sababu tu programu ipo hai. Ikinyamaza, giza.

Ukiandika hapo "taa itazimika", umeficha jambo lile lile lililofanya kichocheo hiki kitengenezwe. Ukiongeza "yenyewe" umezidisha, kwa sababu taa haijifanyii chochote. Andika "itazimwa na kerneli". Kama unaandika maelezo ya mnunuzi wa ruta anayetazama tu taa ukutani, "itazimika" inamtosha, hana haja ya kumjua mtendaji. Wewe unawaandikia waandaaji wa programu.

Hapo hapo tenganisha "na" na "kwa". Mtendaji huja na "na", nyenzo huja na "kwa": taa inazimwa na kerneli kwa kipima muda. Ukiandika "inazimwa na kipima muda" hujavunja sarufi, kwani kipima muda kinaweza kuchukuliwa kuwa mtendaji, lakini umekipandisha cheo. Kazi yake ni kuiamsha kerneli wakati ukifika. Anayeshika swichi ni kerneli. Mimi ningeshikilia mpangilio huo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ili msomaji akiona "na" ajue anatajiwa mhusika.

Na "kuwakawaka"? Kukariri kitenzi katika Kiswahili huleta wazo la kurudiarudia: kupigapiga, kurukaruka, kugeukageuka. Kwa hiyo kwa tukio moja haifai, na alama ya mhariri wako ilikuwa ya haki. Lakini usilifute neno kila mahali. Kichocheo cha pili kina tabia nzuri ninayoipenda: matukio yakija kwa nadra, kila moja hupata mwako wake mmoja unaoonekana wazi, yakija kwa msongamano, kama data inapopita kwa wingi kwenye mtandao, ishara inayofika katikati ya mzunguko wa kuwaka na kuwa gizani haianzishi mzunguko mwingine juu ya ule, na taa huenda kwa mwendo ule ule usiobadilika. Hapo ndipo mahali pa "huwakawaka", na tofauti ya maumbo hayo mawili itamweleza msomaji kile kinachoonekana kwenye kifaa. "Kumetameta" iache kwa nyota na vito. Huo ni mng'ao, hauna vipindi. "Kupepesa" ina mvuto wake, ila imeshikamana mno na macho.

Kuhusu nyakati, kanuni ya jumla iandike kwa hu-: "taa huwaka", "kerneli huizima". Kiambishi -ta- kiweke kwenye matokeo ya amri mahususi ambayo msomaji anaitoa wakati huo. Rasimu yako ilichanganya viwili hivyo, nami ningeandika hivi: "Kila mara programu inapotuma ishara, kerneli huiwasha taa mara moja tu, kwa milisekunde 100, kisha huizima. Ishara nyingine ikifika kabla mzunguko haujaisha, haianzishi mzunguko mpya."

Aya ya kichocheo cha kwanza iwe na maneno yake, kwa sababu pale taa haiwaki tu. Inaweza pia kuagizwa iwe gizani kwa muda kisha irudi kuwaka. Usiandike "kuwasha kwa muda" kama jina lake. Andika "kushikilia hali kwa muda", kisha "kuirudisha taa katika hali yake ya awali". Na majina ya mafaili yanayobeba amri za vichocheo vyote viwili, kama duration, activate na shot, yaache yalivyo, herufi kwa herufi. Hayo ni anwani. Ukiyatafsiri, msomaji ataandika Kiswahili kizuri na kerneli itaikataa amri yake.