Uji mzito na dagaa wasio na mchanga: chakula cha kituo cha kulelea watoto Mwanza

Kinachoharibu chakula cha vituo vya kulelea watoto mchana, kuliko kitu kingine chochote, ni uji mwepesi. Nusu kilo ya unga inakorogwa kwenye sufuria ya watoto 30, kila mmoja anapata kikombe kimejaa pomoni, na mzazi akichungulia anaondoka ameridhika. Piga hesabu: hizo ni gramu 17 za unga kwa mtoto. Tumbo limejaa maji, na saa nne haijafika mtoto ameanza kulialia.

Ukiongeza unga tu, uji unakaza na mtoto wa miaka miwili hawezi kuumeza. Dawa ni kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku mzima, uchuje, uutandaze kwenye kitambaa safi chenye unyevu na kuufunika siku mbili mpaka uote. Anika, pukuta machipukizi, kisha saga. Usitumie mtama kwa kazi hii, maana chipukizi la mtama lina sumu.

Kwa watoto 30 chukua unga kilo 1.3 na maji lita 6.5. Pika mpaka uive kabisa, hata kama mwiko unasimama wenyewe. Epua, subiri upoe kiasi cha kuweza kuonja bila kuungua ulimi, ndipo unyunyize kimea vijiko 8 hadi 10 vya chakula huku unakoroga. Baada ya dakika chache mwiko unaanguka na uji unatiririka, ingawa unga ni uleule. Rudisha jikoni uchemke dakika tano, kwa sababu kimea ni unga mbichi. Anayetia kimea uji ukiwa unatokota haoni mabadiliko yoyote, kwani moto mkali unaua nguvu yake. Wapishi wengi wamekikatia tamaa kwa kosa hilo moja.

Unga wenyewe uwe wa nafaka moja, dona au ulezi. Ule mchanganyiko wa mahindi, mchele, ngano, soya na karanga unaosagwa kwa pamoja haufai. Nafaka tatu hazimpi mtoto kitu kikubwa kuliko moja, soya isiyoiva inamsumbua tumbo, na karanga zikishasagwa zinachacha ndani ya wiki chache. Karanga chambua kwa mkono, tupa zilizosinyaa au kuota ukungu kwa sababu ya sumukuvu, kaanga, saga za siku mbili tatu tu, na uzitie uji ukikaribia kuiva. Gramu 300 zinatosha sufuria nzima.

Mchana, hapa kwetu ziwani, hakuna kitoweo kinachomshinda dagaa kwa bei na kwa lishe, hasa akiliwa na mifupa yake. Nunua Mwaloni Kirumba wakati wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa na bei inapanda. Chagua waliokaushwa kwenye chanja au nyavu: wanang'aa, wakavu, ukimkunja anakatika. Aliyeanikwa mchangani kilo yake ina mchanga ndani, na wa masika mara nyingi ameanza kuoza kabla hajakauka. Rangi ya njano na harufu kali ya mafuta ndiyo dalili. Muache huyo hata akiuzwa bei ya kutupa.

Kuosha ndiko wengi wanakokosea. Watie kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, wapekeche taratibu, kisha waopoe kwa mikono na mchanga ubaki chini. Ukimimina kila kitu kwenye chujio umeurudisha mchanga kwenye dagaa. Rudia mpaka kitako cha beseni kiwe safi. Watoto 30 wanatosheka na gramu 450 za dagaa wakavu. Kwa walio chini ya miaka mitatu toa vichwa, kaanga bila mafuta na saga, kisha tia kwenye maharage au mboga. Usitie kwenye uji wa sukari, watautema.

Mlo wa mchana wa watoto 30 ni ugali wa unga wa dona kilo 2 hadi 2.5, maharage kilo moja na robo siku isiyo ya dagaa, mchicha au majani ya maboga, na mafuta kijiko kimoja cha chai kwa kila mtoto. Kipande cha papai au chungwa kiliwe palepale na chakula, kwa sababu kinasaidia mwili kupata madini chuma ya maharage. Chai inayazuia, kwa hiyo isiandikwe kabisa kwenye ratiba ya mchana. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni vitafunwa vizuri vya saa kumi.

Sasa mkono wa serikali. Halmashauri zinatakiwa kutenga kutoka mapato yao ya ndani shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Usitegemee kukabidhiwa pesa za kununua unga, omba huduma. Kituo kiwe kimesajiliwa kupitia ofisi ya ustawi wa jamii, ama ya Jiji la Mwanza ama ya Manispaa ya Ilemela, kisha peleka barua kwa afisa lishe ukiambatisha idadi ya watoto kwa umri na ratiba ya chakula ya wiki. Omba aje kukagua jiko, na watoto wako waingizwe kwenye matone ya vitamini A na dawa za minyoo za Juni na Desemba.

Mwombe pia akufundishe kutumia utepe wa kupima unene wa mkono wa juu, unaoonyesha kama mtoto ana utapiamlo. Pima kila mwezi na uandike kwenye daftari. Sentimita 12.5 na kuendelea ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano: mwongezee kikombe cha pili cha uji na zungumza na mama yake. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na mtoto huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo na kadi yake ya kliniki.