Kutoka Malindi kwenda Mlima Kenya: usivae kila kitu getini

Vijana wa huku kwetu wanaojiandaa kupanda Mlima Kenya huanza na swali moja: tununue jaketi zito kiasi gani? Jaketi zito mtalihitaji, ila si la kutembea nalo. Mtu wa Pwani anaiogopa baridi, na hofu hiyo ndiyo humponza. Anajifunika tangu getini, anapanda huku jasho linamchuruzika mgongoni, kisha akikaa kupumzika upepo unamkuta kalowa chapachapa. Hapo ndipo meno yanaanza kugongana, na hata theluji hajaiona.

Piga hesabu kidogo. Hewa hupoa kwa nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kilele cha Lenana kiko mita 4,985. Toa nyuzi kama 30 kwenye joto la Malindi, tena ni alfajiri na upepo unavuma. Lakini geti la Sirimon, mnapoanzia kupanda, liko mita 2,650 tu. Pale saa sita mchana, jua limewaka na begi liko mgongoni, hata fulana moja utaiona nzito. Safari ni moja, hali ya hewa ni tatu au nne, kwa hiyo mnavaa nguo za kuvua na kurudisha, njia nzima.

Ya ngozini kwanza, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Sisi tumelelewa na pamba: kanzu, kikoi, leso, fulana ya ndani. Pamba inanyonya jasho, inakaa nayo, inakupoza, na kwa joto la Malindi hakuna kama hiyo. Mlimani sifa hiyohiyo inageuka balaa, kwa sababu maji hupitisha joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Fulana ya pamba iliyolowa ni kama kukumbatiwa na samaki wa barafu. Jinzi pia iache nyumbani. Vaa jezi ya mpira, ile ya poliesta uliyonayo kabatini. Inakauka ukiwa unatembea, na bei yake unaijua.

Juu yake weka sweta jembamba la sufu (manyoya ya kondoo) au flisi, kile kitambaa laini cha poliesta chenye manyoya. Sufu ina uzuri wake, hata ikiwa na unyevu bado inatia joto. Kwenye mitumba utalipata, kwa sababu watu wa Malindi hawaligombanii. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo (ukishalipa, usije ukagombana na mwenye mali) na uuwashe kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inazimika yenyewe. Pamba inawaka kama karatasi. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Na flisi mbili nyembamba nazipenda kuliko moja nene: hewa inayobaki katikati ndiyo inayotunza joto, na unaweza kuvua moja ukabaki na nyingine.

Ya nje kazi yake ni kuzuia upepo na mvua. Tafuta yenye zipu kwapani au ya kufunguka mbele yote. Koti la plastiki la bodaboda linazuia mvua sawasawa, lakini jasho nalo halitoki. Dereva wa boda amekaa kitako, hatoki jasho. Wewe unapanda. Livae mvua ikinyesha, ikikatika livue.

Sasa kutembea kwenyewe. Mnapoondoka kambini, mtu asikie baridi kidogo. Asiyesikia baridi kavaa kupita kiasi. Baada ya robo saa simameni, kila mtu avue kinachomzidi, kabla jasho halijaanza. Wanaume wengi hapa huona haya kusimamisha kundi kwa ajili ya sweta, simamisha. Mkifika mahali pa kupumzika, mambo ni kinyume: vaa kwanza, ndipo ufungue biskuti. Wawindaji wa Marekani na Kanada hufanya hivyo wanapomvizia kulungu majira ya baridi (kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977): wanatembea na nguo nyepesi, koti nene limefungwa kwenye begi, na wanalivaa wakishafika pa kukaa.

Kwa dada zetu, hijabu ni sehemu ya hesabu hii. Kichwa na shingo ndiyo madirisha ya mwili, na ushungi wa pamba ukilowa jasho shingoni utaikuta baridi yake usiku kucha. Chukueni mbili za kitambaa cha jezi, ya kuvuta, iliyokwisha kushonwa. Pini hazifungiki ukiwa na glavu, na saa tisa usiku juu kule vidole havishiki kitu. Boshori linapita juu ya hijabu bila shida. Badala ya buibui, kanzu fupi ya poliesta ya magotini na suruali pana.

Usiku wa kilele mnatoka kambi ya Shipton, mita 4,200, mkienda polepole, jasho halipo sana. Hapo vaeni karibu zote, jaketi zito likae juu kabisa kwenye begi na si chini ya masufuria. Soksi moja nene inatosha. Mbili zikibana kiatu, damu haipiti na vidole vinaganda. Muwe pia na nguo kavu za kulalia, zisizoguswa mchana hata kwa bahati mbaya. Kikoi chako kipate kazi hapo, kitandani.

Mwenzenu akitetemeka, akajikwaa na kuongea ovyo, mvueni vilivyolowa, mvisheni vikavu, mpeni chai ya sukari kama anaweza kumeza, kisha mshuke naye. Kichwa kikimuuma na anatapika, huo ni ugonjwa unaoletwa na urefu wa mlima; nguo hazisaidii, mshusheni.

Jaketi zito si lazima mnunue, Nanyuki hukodishwa. Lijaribu ukiwa umevaa yote ya chini yake, uinue mikono. Likikubana kwapani, omba saizi ya juu.